Mchanga unaotoa povu

Sampuli ya mchanga ikifika sitahani kutoka sakafu ya bahari, kabla sijapima chochote huidondoshea matone machache ya tindikali hafifu. Ikitulia, ni kwarzi, madini magumu ya mchanga wa kawaida. Ikichemka povu, ni chokaa: vipande vya matumbawe, kombe na viumbe vidogo vya bahari. Aliyewahi kuusugua mchanga mweupe wa pwani yetu kati ya vidole anazijua chembe hizo. Zina ncha kali, na nyingi zina uwazi ndani.

Uwazi huo ndio hatari. Katika kisanduku cha kukatia udongo, ambamo nusu ya juu ya mchanga husukumwa juu ya nusu ya chini, chembe hushikana barabara na pembe ya msuguano, kipimo cha jinsi zinavyokataa kuteleza, huweza kupita digrii 40, zaidi ya kwarzi ya kawaida. Kwa hesabu hiyo, nguzo ya chuma ya msingi, inayopigiliwa sakafuni mwa bahari, ingebanwa vizuri sana. Lakini mwaka 1982, kwenye jukwaa la gesi la North Rankin A, kaskazini-magharibi mwa Australia, nguzo zilizama makumi ya mita kwa uzito wake zenyewe. Baadaye msingi ukabidi uimarishwe.

Nguzo ikipita, chembe hupondeka, unga wake hujaza matundu, na mchanga husinyaa ukaiachia nguzo. Msuguano bado upo, ila hakuna tena kinachoukandamiza mchanga kwenye chuma.

Kwa hiyo juu ya kisanduku hufunga springi yenye ugumu kama wa udongo unaoizunguka nguzo, kisha naukata mchanga kwenda na kurudi, kama mawimbi yanavyoitikisa nguzo. Kila mzunguko mchanga unasinyaa kidogo, springi inalegea, na mkandamizo unashuka huku unatazama. Kipimo hiki nakithamini kuliko vyote vya maabara.

Huko chini tunasukuma koni yenye ncha ya digrii 60, kwa mwendo wa sentimita 2 kwa sekunde. Inasoma ukinzani wa ncha, msuguano wa ubavuni na shinikizo la maji, udongo ukiwa pale ulipolala. Hilo ni jambo kubwa, maana gandisho la asili linalounganisha chembe huvunjika kirahisi sampuli ikivutwa juu. Lakini koni haijui chokaa. Ukiziingiza namba zake katika fomyula za kwarzi, utapata nguzo yenye nguvu ya karatasini tu.

Anayepanga gati kati ya Rufiji na Mafia, ambako mchanga wa mto hukutana na wa matumbawe, adai kipimo cha chokaa kwa kila tabaka, hadi chini ya ncha ya nguzo.