Miezi Sita Kabla ya Kuitwa Tanzania

Vijana wengi ninaokutana nao hapa Dodoma wanaamini kwamba tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana, na siku hiyohiyo ikazaliwa nchi inayoitwa Tanzania. Muungano ulizaliwa kweli, ila jina lilikuwa bado. Kazi yangu ni kufuatilia historia ya majina ya mahali, na kosa hili huniuma kila ninapolisikia kwa sababu linafukia sehemu tamu kabisa ya kisa chenyewe.

Hati za Muungano zilitiwa saini Zanzibar na Mwalimu Nyerere na Mzee Karume tarehe 22 Aprili. Siku nne baadaye zikaanza kutumika, na nchi mpya ikaitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina hilo refu ndilo utakalolikuta kwenye nyaraka za serikali za katikati ya mwaka ule. Jina Tanzania lilitangazwa tarehe 29 Oktoba 1964, kisha likawekewa sheria yake, Sheria Na. 61 ya mwaka huohuo. Kwa hiyo tulikaa miezi sita tukiwa nchi moja yenye majina mawili yaliyofungwa kwa “na”.

Majina hayo mawili yalitoka wapi? Tuanze na Tanganyika, maana ndiyo yenye mambo mengi.

Kwanza lilikuwa jina la ziwa. Lilifika pwani kwa miguu, kupitia njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapanda hadi huku kwetu Ugogo, ikaendelea Tabora na kuishia Ujiji, kando ya ziwa lenyewe. Ugogo palikuwa pagumu kwa wasafiri: maji ya shida, na watemi wa Kigogo wakidai hongo, yaani ushuru wa njia, kabla msafara haujapita. Waingereza Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857, wakaliona ziwa Februari 1858. Jina walilikuta tayari vinywani mwa watu.

Maana yake bado inabishaniwa. Burton alilihusisha na kuchanganyika, yaani mahali maji yanapokutana. Mitaani tafsiri inayopendwa zaidi ni “tanga” na “nyika”, na wapo wanaouingiza hata mji wa Tanga. Mimi hii siikubali. Ziwa lile liko upande wa pili kabisa wa nchi, na waliolipa jina ni watu wa mwambao wake, ambao lugha zao si Kiswahili. Halafu Kiswahili chenyewe kwa kawaida hakiungi maneno hivyo. Mswahili angesema tanga la nyika. Nionavyo, mtu wa pwani alilisikia jina geni, akalikata vipande vinavyofanana na maneno anayoyajua. Jambo hilo hutokea sana kwenye majina ya mahali.

Na Tanganyika kama jina la nchi si la kale hata kidogo. Wajerumani waliitawala nchi hii kama sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Waingereza walipoichukua baada ya Vita Kuu ya Kwanza, maofisa wao wa makoloni mjini London walianza kutafuta jina. Yalipendekezwa Smutsland, Eburnea, New Maryland, Windsorland, hata Victoria. Smutsland ilikuwa kwa heshima ya Jenerali Smuts wa Afrika Kusini, ambaye majeshi yake yalishuka kupitia Kondoa na kuuteka mji huu wa Dodoma Julai 1916. Waziri wao wa Makoloni, Milner, akashikilia kwamba jina liwe la wenyeji. Kilimanjaro na Tabora nayo yalifikiriwa, lakini mwaka 1920 Tanganyika ndiyo ikashika. Ukipiga hesabu hadi 1964, ni miaka 44 tu. Huwa nawaambia wanaolitaja kama jina la tangu enzi za mababu wakumbuke kwamba ziwa ndilo lenye umri huo.

Zanzibar ni ya kale zaidi na maelezo yake ni mafupi. “Zangi” kwa Kiajemi, au “Zanji” kwa Waarabu, ni watu weusi. “Bar” ni pwani au nchi. Jina hilo lilitolewa na waliokuja kwa majahazi. Wenyeji wenyewe kisiwa chao wanakiita Unguja.

Tanzania basi ni “Tan” na “Zan”, ikafungwa kwa “ia”. Ule mwisho ndio uliozua hadithi nyingi. Wapo wanaoutoa kwenye Azania, jina ambalo Wagiriki wa kale waliita pwani yetu. Mohamed Iqbal Dar, aliyekuwa mwanafunzi Morogoro, alieleza kwamba alishinda shindano la kutafuta jina, na kwamba “i” aliitoa kwenye Iqbal na “a” kwenye Ahmadiyya, jumuiya yake ya dini. Ni ushuhuda wa mtu juu ya alichokusudia, nami nauheshimu. Ila aliyelisikia jina lile mwaka 1964 hakuhitaji maelezo hayo: Ethiopia, Somalia na Nigeria zilikuwapo, na Zambia ilikuwa imepata uhuru kwa jina lake jipya tarehe 24 Oktoba, siku tano tu kabla ya tangazo letu.

Lisome kwa sauti: Ta-nza-ni-a. Silabi nne, mkazo kwenye “ni”, silabi ya pili kutoka mwisho kama Kiswahili kinavyotaka. Ta-nga-nyi-ka nayo ni silabi nne, mkazo mahali palepale. Ndiyo maana nasikitika ninapomsikia mtangazaji wetu, tena katika taarifa ya Kiswahili, akipeleka mkazo kwenye “nza”.

Tanganyika nayo haikufutika. Mawakili wa Bara bado wana Chama cha Mawakili wa Tanganyika, mkoani Katavi kuna Wilaya ya Tanganyika, na Katiba yenyewe, ibara ya 151, inapoeleza maana ya Tanzania Bara inalazimika kulitaja: ni eneo ambalo zamani lilikuwa la Jamhuri ya Tanganyika.