Sindano ndogo za kuotesha nywele: dhana potofu na ukweli

"Damu ikitoka ndiyo nywele zinaota." Dhana hii inaniudhi kuliko zote, maana inaumiza watu. Utafiti unaotajwa zaidi, uliochapishwa India mwaka 2013, uliwahusisha wanaume 100 walioanza kuota upara. Nusu walipaka tu minoksidili ya asilimia 5, dawa ya kuotesha nywele. Wengine walipaka hiyohiyo na kupitishiwa kichwani, mara moja kwa wiki, rola yenye sindano za milimita 1.5, na ngozi ikianza kuwa nyekundu, kazi inaishia hapo. Baada ya wiki 12, kundi la rola lilikuwa limeongeza wastani wa nywele 91 kwenye eneo lililohesabiwa, lingine 22. Vitobo vile vidogo vinauamsha mwili ujitibu. Ukijichubua kila siku unajitafutia makovu, na penye kovu nywele haioti.

"Kama sindano zinaotesha, basi dawa ya nini?" Upara wa kurithi unaletwa na homoni ya DHT, inayosinyaza vinyweleo taratibu. Sindano haziiondoi.

"Choma, kisha paka palepale, ipenye." Hapana! Katika utafiti ule minoksidili ilisitishwa siku ya rola, ikarudiwa saa 24 baadaye. Asili yake ni dawa ya presha, na ikiingia kwa wingi kwenye damu kupitia ngozi iliyotobolewa inaweza kuleta kizunguzungu na kufanya moyo uende mbio.

Kuna pia plasta za sindano zinazoyeyukia ndani ya ngozi na kuacha dawa humo, na wauzaji wa mitandaoni wanazisifu kana kwamba zimeshathibitishwa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zhejiang, China, walitengeneza moja yenye chembe ndogo mno za seriamu, aina ya metali, za kupunguza kemikali zinazodhoofisha vinyweleo. Nywele ziliota vizuri, lakini kwa panya. Mimi nazitazama kwa matumaini makubwa, ila pesa yangu sitoi bado.

"Hata nywele za mbele zilizokatika kwa misuko zitarudi." Hizo ziling'olewa na kuvutwa, kwanza acha kubana, kisha muone daktari wa ngozi mapema, kabla vinyweleo havijafa. Mwenye ngozi inayoota keloidi, yaani makovu yanayovimba, naye amuulize kabla ya kugusa rola. Na rola haiazimwi, hata kwa ndugu: inabeba damu, na damu inabeba homa ya ini na VVU.