Korongo Kavu Linapogeuka Mto: Tunayodhani na Yaliyo Kweli

"Dodoma ni kame, mafuriko ni ya watu wa Pwani."

Mvua yetu ni haba kweli, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Lakini karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili, tena kwa vishindo: saa moja ya radi na mvua nzito, kisha jua siku kadhaa. Inakuta ardhi iliyokaa miezi bila tone, imekanyagwa na mifugo hadi juu imeshika gamba. Maji hayapati pa kuzama, yanakimbilia korongoni. Kwa hiyo ukame wenyewe ni sehemu ya hatari. Kule Kondoa maji ya namna hii yalitafuna ardhi kiasi kwamba mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo yaliyoharibika zaidi.

"Hapa hakujanyesha, korongo liko salama."

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Korongo halijazwi na mvua ya hapo uliposimama. Linajazwa na mvua ya vilimani, huenda mbali kiasi kwamba ngurumo zake huzisikii. Na korongo kwetu ni mahali pa kazi. Kina mama wanachimba visima kwenye mchanga na kuchota kwa kata, watoto wananywesha mbuzi, bodaboda anakatiza kuokoa muda. Jua linawaka, mchanga mkavu, halafu unasikia mvumo kama wa lori linalokuja. Ukishausikia, hakuna muda wa kukusanya madumu wala kufungua punda. Panda ukingoni kwanza, na upande ulio karibu, hata kama nyumbani ni ng'ambo.

Wafundisheni watoto kutazama upande maji yanakotokea. Wingu jeusi likitanda huko, mifugo itoke korongoni, hata kama haijamaliza kunywa. Usiku ni vibaya zaidi, maana wingu halionekani.

"Maji ni ya magoti tu, nitavuka."

Meta moja ya ujazo wa maji ina uzito wa kilo 1,000, na haya yanakuja na matope, mawe na magogo. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huinua gari dogo, na 60 huchukua magari mengi, hata yale yaliyoinuka juu. Tena yale magoti unayoyaona ni ya pembeni: katikati mchanga umeshachimbwa, na drifti yenyewe (kile kivuko cha zege cha barabara) pengine imebomoka. Dereva akisema "nimeshavuka hapa mara nyingi", abiria shukeni.

"Mvua imekatika, yamekwisha."

Hapana. Maji ya juu bado yako njiani, na kingo zilizoloa humeguka. Subiri yapungue kabisa; mengi ya makorongo yetu hutulia ndani ya saa chache.

Na ukisubiri, usijikinge chini ya mbuyu, radi hupenda mti mrefu uliosimama peke yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza angalizo la mvua kubwa kwa mkoa wetu, mwambie na jirani asiye na redio, hasa anayepeleka watoto kuchunga.