Dhabihu, sadaka na ibada ya kweli: tunamaanisha nini?

Katika makanisa mengi ya Vihiga na Kakamega, ibada ya Jumapili ikiisha watu hawaondoki mara moja. Kuna mnada. Jogoo aliyefungwa miguu, mkungu wa ndizi, beseni la maparachichi, mayai: vyote vililetwa madhabahuni na wasiokuwa na pesa mkononi, na sasa vinauzwa. Jogoo mmoja huweza kununuliwa, akarudishwa, akauzwa tena mara tatu huku watu wakicheka. Huyo jogoo ana mengi ya kutufundisha.

Tuanze na maneno. Sadaka ni chochote kinachotolewa kwa Mungu au kwa ajili yake: pesa, unga, hata muda. Dhabihu ni ile inayochinjwa, na ndiyo maana ya asili ya neno hilo katika Kiarabu lilikotoka. Wajaluo husema misango. Sadaka nayo imetoka kwenye mzizi mmoja na sadiki, mzizi wa ukweli. Kwa hiyo sadaka ya uongo ni neno linalojipinga lenyewe.

Kitabu cha Walawi kinataja aina tano. Ya kuteketezwa iliungua yote, mtoaji hakuonja hata kipande. Ya unga haikuwa na damu. Ya amani ndiyo ningependa kuhudhuria: mafuta yaliteketezwa, kuhani akapata fungu lake, na mwenye mnyama akala nyama iliyobaki na watu wake. Kisha ya dhambi, na ya hatia. Hii ya mwisho hatuihubiri sana, na nashuku najua kwa nini. Aliyemdhulumu mwenzake hakuruhusiwa kuleta kondoo tu na kwenda zake. Ilibidi arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Ukidhulumu shilingi 1,000, unarudisha 1,200, na kondoo dume bado ni juu yako.

Maskini naye alifikiriwa. Asiyeweza mwana-kondoo alileta hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na kwa sadaka ya dhambi, asiyeweza hata ndege alileta unga. Yosefu na Mariamu walipompeleka mtoto Yesu hekaluni, Luka anataja ndege, yaani toleo la wasio na uwezo. Mama wa Luanda, kule Vihiga, anayeleta kuku mmoja yumo katika ukoo wa heshima.

Kwa Kiebrania toleo huitwa korbani, na mzizi wake ni ule ule wa neno letu karibu. Kutoa ni kusogea. Mungu hakuwa na njaa ya nyama, na Zaburi ya 50 yasema hivyo waziwazi; aliyehitaji kusogea ni mtu. Ndiyo maana inauma kuona jinsi neno hilo lilivyopotoshwa. Katika Marko 7, Yesu anawakemea waliotangaza mali yao kuwa korbani ili wasiwasaidie wazazi wao. Unajua sura yake ya leo: bahasha nono katika harambee ya kanisa mjini Kisumu, na mama kijijini Siaya hajatumiwa hata pesa ya dawa.

Manabii walishalia juu ya hilo. Amosi, Isaya na Mika hawakukataza sadaka. Walichokataa ni sadaka inayoletwa na mikono inayowanyima maskini haki. Malaki alilalamikia walioleta mnyama kipofu na kilema, akawauliza kama wangethubutu kumpelekea liwali. Daudi alipopewa bure uwanja na ng'ombe wa Arauna, alikataa kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu, akalipa shekeli 50 za fedha.

Kwa Mkristo, wanyama walikoma kwa Kristo. Waebrania yasema alijitoa mara moja tu. Wakatoliki husema Misa huifanya dhabihu hiyo hiyo iwepo mbele yetu. Waprotestanti wengi husema tunaikumbuka. Hekalu lenyewe Warumi walilibomoa mwaka 70. Kilichobaki kwetu Paulo anakitaja katika Warumi 12: “itoeni miili yenu iwe dhabihu iliyo hai, takatifu, ya kumpendeza Mungu, ndiyo ibada yenu yenye maana.” Kondoo alichinjwa mara moja, shida yake ikaisha. Dhabihu iliyo hai inaamka Jumatatu na kufungua duka, na mizani ya kupimia sukari iko palepale.

Katika Mathayo 5, Yesu anasema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, uende mkapatane kwanza. Waliomsikia walikuwa Galilaya. Madhabahu ilikuwa Yerusalemu, zaidi ya kilomita 100 kwa miguu, tuseme kama kutoka Kisumu hadi Eldoret. Mtu amefika, amesimama kwenye foleni na mbuzi wake, ndipo anamkumbuka jirani waliyegombana juu ya mpaka wa shamba. Anamwacha mbuzi hapo na kuishika tena ile njia aliyokuja nayo.