Mstari wa ECG unapotetemeka, filta isubiri

Umeme wa moyo ukifika kwenye ngozi ni kama milivolti 1 tu. Ukutani, hatua mbili kutoka kitandani, kuna volti 240 zinazogeuka mara 50 kwa sekunde. Hiyo ndiyo hali ya wodi zetu hapa Uganda, na ndiyo sababu mstari wa ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, hutetemeka.

Wengi hukimbilia kubonyeza filta, kichujio cha mashine kinachoondoa mitetemo. Fundi mwenzangu, subiri kidogo. Endesha karatasi kwa milimita 50 kwa sekunde, kisha tazama kwa makini. Kila milimita ikibeba wimbi moja, wimbi baada ya wimbi bila kukosa, huo ni umeme wa ukutani. Mawimbi yakiwa ovyo ovyo, ni misuli: mgonjwa ana baridi au ana hofu, na blanketi litamsaidia kuliko filta.

Umeme wa ukutani huupenya mwili mzima bila kugusa waya wowote. Mashine hupima tofauti kati ya elektrodi mbili, vile vipande vinavyobandikwa kwenye ngozi, kwa hiyo kinachoingia sawasawa kote kwote hujifuta chenyewe. Lakini jeli ya elektrodi moja ikikauka, ukinzani wake hupanda, usawa huvunjika, na kelele, yaani umeme huo usiotakiwa, hupita kama ishara halali. Ndiyo maana naanza na ngozi: isafishe, paka jeli mpya, kusanya nyaya pamoja. Kisha iendeshe mashine kwa betri. Ikitulia ghafla, kagua ethi ya soketi, yaani waya wa ardhini. Na tafadhali, pini ya ethi isikatwe kamwe, hata plagi ikigoma kuingia.

Nasisitiza haya kwa sababu filta nayo hula ishara ya moyo. Ile ya misuli, inayokata karibu na hezi 40 (mara 40 kwa sekunde), hufupisha vilele vya QRS, sehemu iliyochongoka ya kila pigo la moyo. Ile ya kutuliza mstari unaopanda na kushuka yaweza kupotosha sehemu ya ST, inayofuata mara baada ya QRS, na hapo ndipo daktari hutafuta dalili za shambulio la moyo.

Ipo kelele isiyoondoka: mwaka 1928 John Johnson na Harry Nyquist, wa maabara za Bell nchini Marekani, walieleza kwamba joto lenyewe huzalisha volti ndani ya kila rezista. Ila kwa ukinzani wa kiloomu 10 na upana wa masafa wa hezi 150, ni mikrovolti 0.16 hivi. Jicho haliwezi kuiona kwenye karatasi. Kwa hiyo, kabla ya kulaumu amplifaya, unganisha pamoja ncha zote za nyaya za elektrodi. Mstari ukinyooka, mashine ni nzima: funga kifuniko chake, urudi kitandani kwa mgonjwa.