Senta wa Faulo Nyingi, Usimuuze Kwa Hasira

Jumapili jioni, barazani kwetu Ngamiani, mpwa wangu alinigeuzia simu kwa hasira. "Mjomba, huyu nampeleka sokoni leo leo!" Kiooni alikuwa senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, wa timu yake ya kikapu, ule mchezo wa umeneja wa mtandaoni: dakika 17, ribaundi (mipira iliyokosa kikapu akaidaka) 9, faulo 5, nje. Nikamwambia anywe kahawa kwanza, maana nimeona mameneja wengi wakiuza watu wa maana kwa hasira ya mechi moja.

Kosa kubwa ni kuhesabu faulo kwa mechi. Faulo huhesabiwa kwa dakika. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, humtoa mchezaji kwa faulo ya 5, mechi ikiwa ya dakika 40. NBA, ligi kuu ya Marekani, humtoa kwa faulo ya 6, mechi ya dakika 48. Ukigawanya, kote ni faulo moja kwa dakika 8. Tulifungua mechi 10 za huyo senta, tukajumlisha kwa kalamu nyuma ya karatasi ya kashata: dakika 231, faulo 42. Yaani faulo moja kila dakika 5 na nusu, na kwa kanuni za FIBA huyo anakufikisha dakika 27. Mpangie 25. Zile 15 zinazobaki zinataka mtu anayeeleweka, na hapo ndipo tulipouona ugonjwa wenyewe: msaidizi wake alikuwa kijana mfupi aliyesajiliwa kujaza nafasi tu. Senta akitoka, timu inabomoka, lawama anabeba senta.

Wengine husema mtu wa faulo ni hasara tupu. Lakini senta Darryl Dawkins, msimu wa 1983–84 akiwa New Jersey Nets, alifanya faulo 386, rekodi ya NBA kwa msimu mmoja. Msimu huohuo alifunga wastani wa karibu pointi 17 kwa mechi. Na mara nyingi faulo huzaliwa na kazi uliyompa: ukimkabidhi senta mzito mtu mwepesi wa miguu, atachelewa hatua moja, mkono utatangulia.

Halafu kuna ile ya "faulo mbili robo ya kwanza, benchi mpaka mwisho". Pointi ya robo ya kwanza ina uzito sawa na ya robo ya nne. Unayemficha benchi robo mbili kwa kuogopa atatolewa, umeshamtoa wewe mwenyewe. Kama mchezo wako una mpangilio wa kumpumzisha mwenye faulo, usiukaze mno.

Hatari ninayoiogopa kweli haizungumzwi sana. Kwa FIBA, timu ikishafanya faulo 4 katika robo moja, kuanzia ya 5 wapinzani hupewa mitupo huru miwili hata kama hakuna aliyekuwa anatupa, isipokuwa faulo ya timu yenye mpira. Kwa hiyo faulo za mtu mmoja hulipwa na wote. Mmoja wa aina hiyo unambeba. Ukianzisha wawili pamoja, robo haijaisha umeshazijaza hizo 4.

Mpwa wangu alikuwa nao wawili kwenye kikosi cha kwanza. Senta akabaki, mwenzake akahamia benchi, na kabla kahawa haijaisha alikuwa ameshaanza kutafuta msaidizi mwenye kimo.