Kachchh: jina la ukoo halikuambii lugha ya mtu

Kachchh ni wilaya ya jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, na Kikachi ni lugha ya jadi ya wengi wa wenyeji wake. Fungua majedwali ya lugha ya sensa ya India ya 2011 ukitafute Kikachi kwenye orodha ya lugha kuu. Hutakiona. Kimefichwa ndani ya Kisindhi. Kisindhi kiliingizwa katika Jedwali la Nane la Katiba ya India, orodha ya lugha zinazotambuliwa rasmi, mwaka 1967. Kikachi hakimo, kwa hiyo hujumlishwa chini yake. Ile jumla ya wasemaji 2,772,264 wa Kisindhi imebeba Wakachi waliozidi kidogo milioni moja. Anayeinukuu kama hesabu ya Wasindhi watupu amepotea. Shuka hadi mistari ya lugha mama, pale majina yalipoandikwa kama watu walivyoyataja.

Hata huko, soma kwa tahadhari. Karani wa sensa huandika lugha ambayo mama alimsemesha mtu utotoni, na haruhusiwi kubishana na jibu. Shida ni kwamba shule za Kachchh husomesha kwa Kigujarati, na Kikachi chenyewe huandikwa kwa hati ya Kigujarati. Wapo wanaoulizwa lugha ya nyumbani wakataja ya shuleni. Ukiwa wewe ndiye muulizaji, usiulize "unasema lugha gani". Muulize bibi yake alimgombeza kwa maneno gani alipomwaga maziwa.

Kisha sikiliza. "Jina lako nani?" kwa Kikachi ni *tojo nalo kuro ay?* Kwa Kigujarati ni *tarun naam shun chhe?* Mwisho wa sentensi unatosha: *ay* ni Kikachi, *chhe* ni Kigujarati. Kiambishi cha umiliki *-jo* kimetoka upande wa Sindh, jimbo jirani lililo Pakistan sasa. Na sikiliza b. Neno la Kikachi la "mbili", *ba*, hutamkwa kwa kuvuta hewa ndani, kama b ya Mswahili wa pwani anaposema "baba". Kigujarati hakina sauti hiyo, wala hati yake haina herufi yake, ndiyo maana kwenye maandishi hupotea kabisa. Hati ya Kiarabu ya Kisindhi inazo herufi za sauti hizo, ila Wakachi wengi hawaitumii.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani dini, jamii na lugha vinakwenda sambamba. Takriban mtu mmoja kati ya watano wilayani ni Mwislamu, lakini Kikachi si cha dini moja: Walohana na Wabhatia ni Wahindu, Wakhoja na Wamemoni ni Waislamu, wote ni wasemaji wake wa jadi. Ndivyo walivyo pia Wajadeja, Warajput waliotawala hadi 1948. Wahiri na Wapateli wa Leva, majirani zao wa vizazi, nyumbani husema Kigujarati cha aina yao. Jina Jat nalo ni mtego: kwenye mbuga za Banni na pande za Lakhpat, Jat ni mfugaji Mwislamu, si yule mkulima wa Punjab na Haryana unayemsoma magazetini.

Gandhidham, mji wa wilaya hiyo hiyo, isome peke yake. Mji huo ulijengwa kwa ajili ya wakimbizi wa Kisindhi baada ya India kugawanywa 1947, kwa hiyo "Kisindhi" cha pale mara nyingi ni Kisindhi kweli. Na baada ya tetemeko la Januari 26, 2001, viwanda na bandari za Kandla na Mundra zilivuta vibarua wa mbali, wengi wao wasemaji wa Kihindi. Idadi ya watu wa wilaya ilipanda kutoka 1,583,225 mwaka 2001 hadi 2,092,371 mwaka 2011. Ukilinganisha asilimia za Kikachi za miaka hiyo miwili bila kuwatenga wageni, utatangaza msiba wa Kikachi usiokuwapo.

Huku kwetu Afrika Mashariki neno "Mhindi" limefunika yote haya. Nyumba ya Jairam Shivji, iliyoshika forodha ya Unguja miaka mingi ya karne ya 19, ilikuwa ya Wabhatia wa Mundra. Tharia Topan, tajiri mfanyabiashara wa Unguja, alikuwa Mkhoja wa Lakhpat. Wabadala wa Mombasa asili yao ni mabaharia wa Mandvi. Mpateli wa Nairobi ambaye wazee wake walitoka Madhapar, kijiji cha Kachchh, atakuambia ni mtu wa Kachchh, na ni kweli, lakini akimwita mtoto wake mezani utasikia *chhe*.